Kwaresma, masika na korosho: Mwaka wa mchungaji katika ukanda wa Mtawanya

Pasaka ya mwaka 2024 iliangukia Machi 31. Idd el-Fitri ikafuata Aprili 10. Kati ya sikukuu hizo mbili kulikuwa na siku chache tu, na kwa familia nyingi za wilaya za Kibiti na Rufiji hazikuwa siku za sherehe. Mvua za El Niño zilikuwa zimejaza Bonde la Mto Rufiji, maji ya ziada yakafunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, na mto ukapanda juu ya mashamba na makazi. Mpunga uliokuwa shambani ukazama. Kuna waliosherehekea Pasaka au Idd wakiwa wamehifadhiwa kwa ndugu na majirani wa maeneo ya juu.

Kwa mchungaji wa Kilutheri anayehudumu upande huu wa Mkoa wa Pwani, wiki kama hizo huleta swali gumu. Kalenda ya Kanisa inamwambia kuwa huu ni wakati wa furaha. Madhabahu imevikwa kitambaa cheupe na kwaya imejiandaa kwa nyimbo za ushindi. Lakini aliyekaa kwenye benchi la tatu amepoteza shamba lote, na aliyekaa nyuma yake amepokea wageni tisa wanaolala sebuleni. Je, awaimbishe kwanza au awaulize wamekula nini?

Swali hilo halimhusu mchungaji peke yake. Linamgusa kila anayebeba dhamana ya familia katika eneo ambalo fedha, chakula na magonjwa havigawanyiki sawa kwa miezi 12. Anayehudumu Mtawanya hujikuta anaishi kwa kalenda mbili: ile iliyochapishwa na Kanisa, na ile inayoandikwa na mvua, mto na mikorosho. Asipojifunza kuzisoma zote mbili, ataomba sadaka siku ambayo watu hawana, na atafundisha uvumilivu siku ambayo watu wanahitaji chandarua.

Kalenda iliyotoka mbali

Mtawanya ni kata ya Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Iko upande wa nchi kavu, tofauti na kata za delta kama Mbuchi, Msala, Salale, Kiongoroni na Maparoni, ambako boti na mtumbwi ndivyo usafiri wa kila siku. Huko delta ndiko kuliko na msitu mkubwa wa mikoko unaokadiriwa kufikia hekta 53,000. Wenyeji wengi wa ukanda huu, Wandengereko na Warufiji, ni Waislamu kwa vizazi vingi.

Ulutheri ulifika Pwani kupitia wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Walianzia Dar es Salaam mwaka 1887, kisha wakaenda Kisarawe na Maneromango katika nchi ya Wazaramo. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Sharika za Pwani leo ziko chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Pamoja na imani, wamisionari walileta mwaka wa Kanisa. Mwaka huo hauanzi Januari. Unaanza na Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi, unapita Epifania, Kwaresma, Pasaka na Pentekoste, kisha unaingia kwenye msururu mrefu wa Jumapili baada ya Utatu. Ulipangwa na watu wa nchi za baridi. Kwao Majilio ni giza la mapema na mishumaa, na Pasaka ni majani mapya baada ya theluji.

Mtawanya hali ni nyingine. Desemba ni joto, maembe na korosho. Pasaka ni masika, tope na mbu. Mchungaji anayenakili hotuba ya mishumaa gizani bila kuangalia nje ya dirisha atakuwa anazungumza na watu wasiokuwepo.

Desemba: Fedha ipo, watu hawapo

Katika sharika nyingi za Pwani, sehemu kubwa ya washarika ni watu waliohamia kikazi au kibiashara: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara wa duka na mafundi waliotoka Kilimanjaro, Iringa, Mbeya na kwingineko. Hao ndio wanaojaza viti, wanaoongoza kwaya na wanaohesabu sadaka.

Inapofika katikati ya Desemba, shule zinafungwa na safari za kwenda nyumbani zinaanza. Kwa familia ya Kichaga, Krismasi bila kufika kwa babu na bibi ni jambo la kueleza. Matokeo yake ni kwamba sikukuu ambayo wengi huidhania kuwa kilele cha mwaka wa Kanisa, kwa mchungaji wa Pwani huweza kuwa ibada ya viti vitupu. Wanaobaki ni wazee, wenyeji wachache, muuguzi aliyepangiwa zamu na mama aliyejifungua juzi.

Kuna mchungaji anayeumia moyo kwa hilo mwaka wa kwanza. Kadiri miaka inavyokwenda, hujifunza kuwa Krismasi ya watu wachache ni nafasi ya kazi ambayo Jumapili zilizojaa haziiruhusu. Mtu asiyesafiri Desemba mara nyingi ana sababu: hana nauli, amegombana na ndugu, anauguza, au hana tena mtu wa kumwendea. Ukimtembelea nyumbani kwake siku hiyo, utajua mambo ambayo asingekuambia mlangoni mwa kanisa.

Kwa upande wa afya, upweke wa sikukuu si jambo dogo. Mzee anayeishi peke yake huweza kuacha dawa za presha kwa sababu hakuna wa kumkumbusha. Aliyefiwa ndani ya mwaka hulia upya nyimbo za Krismasi zinapoanza. Jirani anayepita na sahani ya pilau anaweza kuwa wa kwanza kugundua kuwa mtu amekaa siku mbili bila kula.

Januari hadi Kwaresma: Kufunga na kukosa

Wasafiri hurudi Januari wakiwa wamemaliza fedha. Ada, sare na madaftari vinawasubiri. Mkulima aliyeuza korosho mwishoni mwa mwaka amekwisha kulipa madeni ya dukani, na mpunga wa bondeni bado haujawa chakula. Miezi inayofuata, hadi mavuno, ndiyo ambayo ghala la familia huwa tupu kuliko wakati mwingine wowote.

Hapo ndipo Kwaresma inapoingia. Kanisa linawaalika waumini wafunge, wajinyime na watafakari siku 40. Kwa mwenye mshahara, kuacha chakula cha mchana ni uamuzi. Kwa familia inayopika mara moja kwa siku, mwaliko huo unahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Kufunga ni kuacha kitu ulichonacho. Aliyekosa hajafunga, ana njaa, na mwenye njaa anapaswa kupewa chakula kabla ya hotuba.

Miaka ya karibuni kalenda ya Kiislamu, ambayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, imeileta Ramadhani karibu kabisa na Kwaresma. Mwaka 2025 Waislamu wa Tanzania walianza kufunga Machi 2, na Jumatano ya Majivu ikawa Machi 5. Katika kijiji chenye msikiti na kanisa, nyumba mbili zinazopakana zilikuwa kwenye mfungo kwa wakati mmoja. Mchungaji mwenye busara hakosi kuona somo hapo. Jirani Mwislamu anafuturu kwa uji na tambi na anapeleka sahani ya pili ng'ambo ya uzio. Mkristo naye hujifunza kutopanga kikao cha jumuiya saa ya futari, ili mke wa jirani anayekuja kusaidia kupika msibani asikose kufungua na watu wake.

Katika kufunga huko, yapo ambayo mtumishi wa Mungu na mtumishi wa afya wanapaswa kusema kwa sauti moja. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayetumia dawa za kila siku, zikiwemo za kufubaza virusi vya Ukimwi, asibadilishe ratiba ya chakula au dawa bila kuzungumza na mtoa huduma wake. Dini zote mbili zinamruhusu mgonjwa asifunge. Mara nyingi mgonjwa analijua hilo, ila anaona aibu kuonekana akila. Neno la mchungaji mbele ya watu huweza kumwondolea aibu hiyo.

Pasaka katika tope

Masika hushika kasi Machi hadi Mei, na Pasaka huangukia humo humo. Barabara za vijijini huharibika. Mwinjilisti anayekwenda mtaa wa mbali hufika akiwa amebeba viatu mkononi. Wazee hukosa ibada kwa sababu ya utelezi.

Kwa Warufiji mafuriko si adui siku zote. Maji ya kawaida yanapopanda na kushuka huacha udongo wenye rutuba, na watu hupanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki, kilimo kinachoitwa mlao. Wakati wa mpunga, familia huhamia shambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Mtoto akiwa dungu hayuko shule, na mjamzito akiwa dungu yuko mbali na zahanati. Mchungaji anayeona jina halijaitikiwa wiki tatu hana haja ya kukasirika. Anapaswa kuuliza shamba liko wapi.

Mwaka 2024 haukuwa wa maji ya kawaida. Baada ya mafuriko ya Aprili, Kimbunga Hidaya kiliipiga Mafia na pwani ya kusini mwanzoni mwa Mei, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Kanisa lilikuwa bado ndani ya majira ya Pasaka. Katika wakati kama huo habari njema huanza na vitu vinavyoshikika: maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa, choo kilichochimbwa mbali na kisima, chandarua kwa kila anayelala chini, na mtoto mwenye homa kupelekwa kupimwa siku hiyo hiyo badala ya kusubiri maombi ya jioni. Maombi yanaweza kufanyika njiani kuelekea zahanati.

Ipo Pasaka nyingine ambayo ukanda huu hauisahau. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa wilayani Kibiti. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ambayo Wakristo hukumbuka chakula cha mwisho na usiku wa kukamatwa kwa Yesu. Katika miezi hiyo viongozi wa vijiji na wananchi wengine waliuawa pia katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Watu waliogopa kutoka baada ya jua kuzama. Ibada za jioni na ziara za usiku hazikuwa salama, na mama aliyeshikwa na uchungu saa nne usiku alikuwa na hofu mbili kwa mpigo.

Msimu wa namna hiyo haumo katika kalenda yoyote iliyochapishwa. Hofu ikipita, majeraha yake hubaki ndani ya nyumba: mtoto anayekojoa kitandani, baba anayeshtuka mlango ukigongwa, mjane anayekwepa barabara fulani. Mchungaji si daktari wa akili. Lakini ni mmoja wa watu wachache wanaoingia nyumbani bila kualikwa na kuulizwa kwa nini wamekuja. Akijua dalili za mtu aliyeumia, atajua pia wakati wa kumsindikiza hospitali.

Miezi mirefu ya kijani

Baada ya Pentekoste na Utatu, kitambaa cha madhabahu huwa cha kijani kwa miezi mingi. Hakuna sikukuu kubwa. Wapo wanaoziona Jumapili hizo kuwa za kuchosha.

Kwa mashambani hiki ndicho kipindi cha nafuu. Mvua zimepungua, mpunga unavunwa, hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo na barabara zimekauka. Harusi hupangwa, nyumba huezekwa, jumuiya hukutana bila kukimbizana na mawingu. Mikorosho nayo hupuliziwa dawa, na salfa huonekana kama vumbi la njano kwenye majani. Anayepulizia bila kufunika pua na macho hurudi nyumbani akikohoa, na nguo zake zikifuliwa pamoja na za mtoto, familia nzima inaugua.

Kwa mchungaji, miezi ya kijani ni ya kazi isiyo na shangwe: darasa la kipaimara, kusuluhisha wanandoa, kuwatembelea waliopotea tangu masika. Mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba huja Siku ya Mikaeli na Watoto, ambapo watoto huongoza ibada, husoma masomo na kuimba mbele ya wazazi wao. Ni siku ambayo usharika mzima unawaona watoto wake wote kwa pamoja wakiwa wamesimama. Mwenye jicho la afya huona zaidi ya mavazi mapya. Huona aliyebaki mfupi kuliko wenzake, anayekodoa macho kusoma maandishi, na yule ambaye mwaka jana aliimba lakini mwaka huu hayupo.

Korosho, mnada na ndoa

Kuanzia Oktoba korosho huanza kuanguka. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, husubiri mnada, kisha husubiri malipo. Kusubiri huko kuna uzito wake. Duka limekopesha, mtoto anadaiwa, na kila mtu anasema atalipa hela ya korosho ikitoka.

Kanisani huu ni wakati wa sadaka ya mavuno. Anayekosa fedha huleta kuku, nazi, mayai, mkungu wa ndizi au debe la mpunga. Ibada ikiisha, mnada hufanyika nje, chini ya mti. Kuku mmoja anaweza kununuliwa, kurudishwa na kuuzwa tena mara tatu, watu wakicheka. Hapo ndipo mwenyeji mkulima na mwalimu mgeni hukutana kwa usawa: mmoja ametoa kuku, mwingine ametoa fedha ya kumnunua.

Fedha ya msimu pia ina upande wake mchungu. Katika maeneo ya korosho si jambo geni kusikia ndoa zikiyumba mara malipo yakitoka. Mume hutoweka siku tatu, simu mpya huonekana, deni la ada husahaulika. Mke huenda kwa mchungaji akiwa na malalamiko, naye mume hufika baadaye akiwa hana senti. Mchungaji anayesubiri ugomvi uzuke atakuwa amechelewa. Somo la bajeti ya nyumbani linafaa mwezi Septemba, kabla mzigo wa kwanza haujapimwa, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja na kuandika: chakula cha hadi Juni, ada, bima ya afya, mbegu, kisha mengine.

Hali ni hiyo hiyo kwa ahadi za Kanisa. Bahasha inayodaiwa Machi humfanya mkulima aone aibu na kuacha ibada. Ikipangwa kulingana na msimu, hutolewa Novemba kwa moyo mweupe. Pengine mtu anayedhaniwa amepoa kiroho amekimbia tu orodha ya wadaiwa iliyosomwa mbele ya watu.

Somo ambalo Rufiji ililitoa

Kusoma kalenda ya watu kabla ya kupanga huduma si wazo geni hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Rufiji, wakati huo ikijumuisha Kibiti, ilikuwa moja ya wilaya mbili, pamoja na Morogoro Vijijini, zilizojaribu mpango wa afya uliojulikana kama TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Canada. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki na kwa ugonjwa gani. Takwimu hizo zikawekwa mbele ya timu ya afya ya wilaya.

Ilionekana kuwa baadhi ya magonjwa yaliyoua zaidi, malaria yakiwemo, yalikuwa yakipewa fedha kidogo kuliko uzito wake. Bajeti ikapangwa upya kufuata hali halisi, kwa nyongeza ndogo tu ya fedha. Katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Usharika hauna wahesabuji, lakini una jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Wazee wa kanisa wanajua nani ana mimba ya miezi minane na nani amelala njaa. Wakikaa na mchungaji mwanzoni mwa Majilio, mwaka mpya wa Kanisa unapoanza, wanaweza kuweka karatasi mbili sambamba: ya Jumapili zote za mwaka, na ya mvua, mavuno, ada na magonjwa ya kijiji. Mfuko wa kusaidiana ujazwe korosho inapolipwa, ufunguliwe Februari. Vyandarua vikaguliwe kabla ya masika. Mjamzito anayetarajia kujifungua Aprili atafutiwe pa kukaa karibu na zahanati tangu Machi.

Familia yoyote inaweza kufanya hivyo, iwe ya kanisani au ya msikitini. Chukua daftari, andika miezi 12, na mbele ya kila mwezi andika mambo matatu: fedha inayoingia, chakula kilichopo na ugonjwa uliowasumbua mwaka jana. Anza na mwezi ambao mliteseka zaidi. Mliyoyaandika mbele yake ndiyo ya kushughulikia sasa, mvua ikiwa bado haijaanza.